Kabini ya Datsun ya baba, chesesi ya Hilux, na miezi 7 uani Uyole

Siku chesesi ya Datsun ilipokatika wala hatukuwa na mzigo wa kutisha. Gunia 5 za viazi kutoka Kikondo, mimi na mdogo wangu mbele, mvua imekata kama nusu saa hivi, barabara inateleza kawaida ya kule Uporoto mwezi wa tatu, tunashuka taratibu kuitafuta Isyonje tuingie lami. Tukavuka kikorongo ambacho tumeshakivuka mara nyingi sana, nikasikia kwa! kama mtu kavunja gogo chini ya miguu yetu, afu gari ikakaa. Haikuzima, ikakaa tu, pua juu, mgongo chini. Nataka kushuka niangalie, mlango haufunguki. Mdogo wangu naye wa kwake haufunguki. Tukatokea madirishani wote wawili, tukatua kwenye tope, tukainama kuchungulia na hapo ndo nikaona: reli ya kulia ya chesesi, lile fremu la chuma linalobeba gari nzima, imeachana kabisa palepale nyuma ya kabini, na ya kushoto imebaki inashikiliwa na kipande cha vidole viwili. Kutu ilikuwa inamwagika kutoka ndani ya chuma kama unga wa ulezi.

Naandika hii habari kwa kirefu kwa sababu najua Mbeya hii kuna pikapu nyingi za wazee zimelala uani, kabini bado nzima, chini pameoza, na mwenye nayo akiuliza anapewa majibu mawili tu. Auze chuma chakavu, au alete ikatwe iungwe. Mi nilifanya la tatu, nikaihamisha kabini na bodi ya nyuma nikaviweka juu ya chesesi ya gari nyingine, nyumbani Uyole, kwenye kibaraza cha zege cha mita 4 kwa 7, na ndani ya kazi hiyo kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi wa mtaani wanayakosea na yanaweza kuua mtu, hayo ndo nataka yasomwe vizuri.

Kwanza gari yenyewe. Baba aliinunua 1981 ikiwa imeshatumika, Datsun 620, zile Nissan walizotengeneza kuanzia 1972 mpaka 1979, kabini moja, taa za mviringo, injini ya petroli ya J15 yenye cc 1,483. Nchi ndo imetoka vita vya Kagera, madukani hakuna kitu, sabuni kwa foleni, spea unaagiza kwa mtu anayekwenda Zambia na unamuombea arudi nazo. Mama anasimulia Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalitakiwa yawe yameshatoka barabarani kubana mafuta, kwa hiyo baba akitoka kanisani hata chakula hakikai, anakimbia kupeleka mzigo wa mtu arudi kabla ya muda. Viazi, pareto, maiti, maharusi, wote wamepanda humo. Baba alifariki 2014, na nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua upande wa dereva kuna hesabu zake za gunia alizokuwa anaandika kwa kalamu ya risasi, mstari juu ya mstari, nyingine zimefutika, nyingine ukiwasha tochi ya simu unasoma vizuri kabisa. Sasa mtu anakuja na mzani wake wa chuma chakavu ananiambia kilo ni shilingi ngapi. Hapana.

Lakini pia sikutaka gari ya kuangalia. Shamba liko kulekule, viazi vinatakiwa vishuke, na Datsun hata ikiwa mpya ilikuwa inahangaika kwenye lile tope. Kwa hiyo nikitafuta chesesi, natafuta yenye fo wili.

Niliipata upande wa Iyunga, kwenye uwanja wa mtu anayenunua magari ya ajali. Toyota Hilux LN106 ya 1994, dabo kabini, ilibingirika huko ilikobingirika, kabini imelala kama kopo lililokanyagwa. Ila chini ilikuwa na kila nilichokitaka: injini ya 3L ya dizeli, cc 2,779, pampu ya kawaida haina kompyuta hata moja, gia boksi na transfa yake ya kugawa nguvu mbele na nyuma, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za bapa pande zote nne. Ukienda kule juu Kikondo au ukipita Kitulo kuelekea Makete, gari ya hivi ikikuharibikia fundi yeyote wa kijijini anaijua, na hilo kwangu lina thamani kuliko nguvu ya farasi. Bei tulivutana mpaka milioni 4 na laki 2.

Kabla sijalipa nilidai vitu viwili. Kwanza kadi halisi ya gari yenye jina la aliyemuuzia yeye na mkataba wa mauziano. Hili watu wanalidharau sana na ndo msingi wa kila kitu, kwa sababu gari mbele ya sheria inatambulika kwa namba ya chesesi. Ukiweka kabini ya Datsun juu ya chesesi ya Hilux, hujatengeneza Datsun, una Hilux iliyobadilishwa bodi, na kadi ya Datsun ya baba haihusiki tena na hiyo gari. Namba imegongwa kwenye reli ya kulia mbele, karibu na tairi, nikaisugua kwa brashi ya waya nikailinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Ya injini pia. Afu nikaenda kuuliza TRA na kwa trafiki nikiwa sijakata hata bolti moja, nikaambiwa utaratibu wa kubadili taarifa za bodi na rangi, na ukaguzi. Mtu anayefikiria kugonga namba ya zamani kwenye chesesi mpya ili abaki na kadi ya mzee wake, tafadhali ndugu yangu, hilo ni kosa la jinai, na siku ya ajali hakuna bima itakayokusikiliza.

Cha pili nilichodai ni muda wa kupima. Gari iliyobingirika chesesi yake inaweza ikawa imepinda na usione kwa macho. Tulikwenda na uzi wa fundi mwashi, futi ya mita 5 na timazi. Unachagua matundu ambayo yapo kushoto na kulia yanayofanana toka kiwandani, unashusha timazi kutoka kila tundu unaweka alama chini, afu unapima mishazari, yaani kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, na mbele kushoto kwenda nyuma kulia. Chesesi nzima mishazari inalingana. Sisi tulipata tofauti ya milimita 3, nikaridhika, ingefika sentimita nisingeichukua hata kwa nusu bei. Nyumbani tuliirudia kazi hiyohiyo kwa utulivu, chesesi juu ya stendi nne, tumeisawazisha kwa mpira wa maji kama wanavyofanya wajenzi, alama zote kwa chaki kwenye zege. Zile alama za chaki hatukuzifuta miezi yote 7, mama akitaka kufagia anazunguka.

Kuibeba kabini ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Ukishatoa milango, viti, vioo, dashibodi na boneti, ile kabini tupu ni vijana 8 tu. Mzito ni injini, lakini injini ya Hilux haikutoka kwenye chesesi yake hivyo hapo hatukuwa na kazi. Cheni bloku tulitundika kwenye miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa kichwani, wapo waliosema tutundike kwenye mparachichi uliopo pale uani nikakataa, tawi la mparachichi linakatika bila kukuaga.

Sasa tulipoziweka gari mbili sambamba ndo ukubwa wa kazi ukaonekana. Datsun yetu ni ile fupi, ekseli kwa ekseli mita 2 na nusu na kidogo. Hilux mita 2.85. Tofauti inapita sentimita 30. Na upana, Datsun haifiki sentimita 160, Hilux ni 169, maana yake matairi yatachungulia nje kila upande.

Hapo ndo fundi mmoja ninayemheshimu, kanizidi umri na uzoefu, aliponishauri tuikate chesesi katikati tuitoe zile sentimita 30, tuunge, propela, ile shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli, tuifupishe, kazi ya siku mbili. Nilimwambia shikamoo yako naipokea lakini hilo sifanyi. Na sababu nitaisema hapa vilevile nilivyomwambia. Chesesi ya gari ya mzigo ni kama ubao uliowekwa juu ya matofali mawili, matofali ni ekseli, ukisimama katikati ubao unapinda zaidi katikati. Kwa hiyo pale katikati ndipo penye mkazo mkubwa, na ndipo hapohapo unataka kupaweka kidonda cha kuchomelea. Chuma kilichopata moto wa kuchomelea pembeni mwa mshono kinabadilika, kinakuwa si kilekile cha kiwandani, na nyufa zinapenda kuanzia pale. Chesesi ya Datsun yenyewe ilipokatika niliisafisha nikaiangalia: ilikuwa imeshachomelewa kiraka zamani, mshono umepita wima kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini, na ufa ulianzia pembeni ya mshono huohuo. Kutu ilimalizia tu. Kwa kweli wapo wanaokata na kurefusha chesesi na zinafanya kazi miaka, lakini wana vishikizo vya kuzuia isipinde, wana hesabu, wana vifaa vya kukagua mshono. Mimi nina uani na mashine moja ya kuchomelea ambayo jioni umeme ukishuka inapiga cheche bila kushika.

Halafu faida ya kuiacha chesesi nzima ni kubwa mno. Propela haiguswi. Bomba za breki haziguswi. Waya za handibreki haziguswi, eksozi haiguswi, springi zinakaa kwenye pembe zake. Kila kitu kinachoifanya gari iende na isimame kinabaki kama Toyota walivyokiacha, na wewe unahangaika na kabini, ambayo ikikosewa kidogo itapiga kelele tu. Bodi ndo inyenyekee kwa chesesi. Sentimita 30 tutazitafutia kazi huko juu.

Kuipanga kabini tulianza na tairi la mbele. Ukitaka gari ionekane gari, tairi likae katikati ya tundu la madigadi, hapo ndo jicho la mtu linapokwenda kwanza hata kama hajui kwa nini. Tukaiteremsha kabini juu ya vipande vya mbao, tukaisogeza mbele, nyuma, tukaipima kutoka kati ya ekseli mpaka ukingo wa madigadi pande zote mbili, ikakaa. Tatizo nyuma ya injini ikawa inabusu ukuta wa kabini, na gia boksi ya Hilux ni kubwa kuliko ile ya Datsun, sakafu haitoshi. Wiki mbili zikaenda hapo. Tulikata mgongo wa sakafu, tukatengeneza mpya kwa bati la milimita 1.5 kwa kukunja juu ya bomba, lenye nafasi ya fimbo mbili, ya gia na ya fo wili, na tukaacha pengo la vidole viwili kila mahali kwa sababu injini ya dizeli ikizimwa inatikisika kama mbuzi aliyelowa.

Nifike kwenye maunti, yaani pale kabini inapofungwa kwenye chesesi, maana hapa ndo roho ya kazi ilipo, na hapa niliumia kabla sijaelewa.

Mwanzoni nilimwita kijana wa kuchomelea anisaidie kushika kabini kwa haraka. Nikatoka kwenda Mwanjelwa kutafuta bolti, narudi nakuta ameshachomelea masikio mawili ya nyuma ya kabini, vile vishikizo vya kuifungia, moja kwa moja kwenye chesesi, chuma kwa chuma, na anajivunia, ananiambia bosi hii haitoki milele. Kweli haikuwa inatoka. Nikamwambia haya, tuijaribu. Tukapiga jeki chini ya tairi la mbele kushoto peke yake mpaka likaning'inia, kama vile gari imepandisha tairi moja kwenye jiwe, nikaenda kufungua mlango wa kulia. Haufunguki. Nilisimama pale nimeshika kitasa nikakumbuka lile tope la Isyonje.

Chesesi ya ngazi, reli mbili ndefu na vyuma vya kukingama, imetengenezwa ijipinde. Kwenye barabara mbovu inajisokota kama unavyokamua nguo, kidogo sana, lakini kila siku, kila shimo. Kabini ni bati lililokunjwa, haipendi kusokotwa. Kiwandani wanaweka mpira mnene kati ya hizo mbili, juu na chini ya sikio, ili chesesi ikijisokota mpira ule ndo umeze ile tofauti. Ukichomelea chuma kwa chuma umeilazimisha kabini iwe sehemu ya chesesi, na haina nguvu hizo, kwa hiyo milango inagoma, kioo cha mbele kinapasuka bila kupigwa jiwe, na mwisho nguzo za kabini zinachanika pale chini. Nimeshaona Hilux na Land Cruiser kibao mtaani zilizochomelewa hivyo, mwenye gari kila siku yuko kwa fundi wa vioo na hajui mchawi ni nani.

Tukakata. Nilisaga ile mishono kwa grenda siku nzima polepole ili nisile chuma cha chesesi.

Njia tuliyotumia badala yake: Hilux ina masikio yake ya kabini toka kiwandani, na kwa bahati matundu ya Datsun yalikuwa yanakosana na yale kwa sentimita 7 mpaka 11. Kwa sehemu mbili za mbele za kabini tulitengeneza kipande cha daraja, bati la milimita 6 lililokunjwa kingo zake ili lisipinde, linafungwa kwa bolti kwenye sikio la Hilux upande mmoja na upande mwingine linapokea mpira na kabini. Hakuna moto hata kidogo kwenye chesesi. Mbili za nyuma hazikuwa na sikio karibu, hapo ilibidi tuweke jipya, na tulilifunga kwenye ubavu wa reli, katikati ya urefu wake wa kusimama, kwa sababu ukingo wa juu na wa chini ndo unaobeba mkazo mkubwa na hautakiwi kutobolewa wala kuchomelewa kwa kukingama. Reli ya Hilux pale ni boksi, ina kuta mbili na uwazi ndani, ukitoboa ukapitisha bolti ukaikaza, kuta zinabonyea na bolti haitakaza kamwe, kesho iko huru. Kwa hiyo unapitisha kipande cha bomba ndani chenye urefu sawasawa na upana wa boksi, bolti inapita ndani ya bomba, ukikaza bomba ndo linabeba. Bolti za milimita 12 zilizogongwa 8.8 kichwani, alama ya bolti ngumu, sio zile laini za kufungia mageti. Mbele kwenye fremu ya rejeta nikaongeza maunti mbili ndogo. Mipira nilinunua yenyewe ya Hilux, iliyotumika lakini haijapasuka. Wengi wanakata tairi la lori wanaweka, mi sikupenda, lile lina nyuzi za chuma ndani na kila kipande kinakuwa na ugumu wake.

Na palipohitaji kuchomelea, kama kwenye yale madaraja, tulitumia rodi za 7018 na sio zile za kawaida za madirishani. Hizi hazitaki unyevu kabisa, na Uyole mwezi wa nne hata shuka haikauki, kwa hiyo nilikuwa nanunua pakiti ambayo haijafunguliwa, tunaifungua asubuhi ya kazi, zinazobaki zinaenda kwenye mageti. Betri na altaneta vimechomolewa, tangi la dizeli limeshuka na liko mbali.

Siku tulipokaza maunti ya mwisho nikarudia jeki ileile, tairi lilelile, juu mpaka likaning'inia. Mlango wa kulia nikaufungua kwa vidole viwili, nikaufunga, ukalia tap, ile sauti ya Datsun. Nikaenda wa kushoto, vilevile. Mdogo wangu akaanza kupiga picha, mi nikaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni kwanza.

Stelingi sitaki mtu aniigize vibaya. Nilichukua stelingi nzima ya Hilux, usukani, shafti na viungio vyake, nikaifungia chini ya dashibodi ya Datsun kwa kishikizo kipya. Shafti ya stelingi haiungwi kwa kuchomelea, kwa sababu yoyote ile, hata kama imebaki sentimita mbili kufika. Breki vilevile. Datsun ilikuwa na drum tupu mbele na nyuma na haina busta, ile ya kuongeza nguvu ya mguu kwenye breki, Hilux ina diski mbele na busta kubwa, na ule ukuta wa kabini wa Datsun ni bati jembamba, tulipofunga busta nikamwambia mdogo wangu akanyage kwa nguvu zote nikaona ukuta mzima unaingia ndani kama ngozi ya ngoma. Maana yake nusu ya mguu wako inapotea kwenye kukunja bati. Tukaweka bati la milimita 3 nyuma yake linalofika mpaka kwenye nguzo za pembeni, tukajaribu tena, ukuta ukatulia. Sisi wa Mbeya tunaujua mteremko wa Iwambi na malori yanayoshuka pale, sihitaji kueleza kwa nini niliwekeza wiki nzima kwenye pedeli moja.

Wayaringi ilikuwa siku tatu tu, dizeli ya zamani haina mambo, ni hita plagi, stata, altaneta, waya wa kukata mafuta kwenye pampu, na taa. Geji nikaweka za Hilux ili kebo ya spidi iingie.

Haya, zile sentimita 30. Bodi ya nyuma ilibidi irudi nyuma ili tundu lake likutane na tairi, kwa hiyo kati ya kabini na bodi kukabaki uwazi. Kuna waliotaka niuzibe kwa bati ionekane kama gari ndefu. Mi nikasimamisha humo tairi la spea, pembeni yake sanduku la spana na jeki, na juu nikafunga kenchi ya bomba inayolinda kioo cha nyuma mzigo ukisogea mbele. Ukiiona utadhani ilizaliwa hivyo. Bodi nayo iko juu ya mipira, sehemu sita. Upande wa upana niliongezea madigadi kwa mdomo wa bati wa sentimita 6, tukapiga puti kidogo, rangi ileile ya krimu. Mlangoni pale baba alipokuwa anaweka kiwiko, rangi imeisha mpaka chuma kinang'aa, nilimwambia mpiga rangi apazunguke, apapige vanishi tu pasishike kutu.

Gharama mtaniuliza. Chesesi na injini milioni 4.2, vyuma, bolti, mipira, rodi na diski za grenda laki 4 na themanini, breki laki 3 na nusu, umeme laki na nusu, rangi laki 6. Karibu milioni 6 ukiweka na chai za vijana. Kwa hela hiyo huipati Hilux nzima iliyosimama vizuri, lakini pia usidanganyike kwamba ni bei rahisi, kwa sababu miezi 7 ya jioni na Jumamosi sijaiweka kwenye hesabu.

Ukaguzi ulipita baada ya kurudishwa mara moja, taa ya namba ya nyuma ilikuwa haiwaki.

Safari ya kwanza ya mzigo tulienda na mama. Gari sasa iko juu kuliko zamani na yeye magoti hayamruhusu, nikamfungia ngazi ya bomba kwenye chesesi, akapanda mwenyewe bila kushikwa. Kufika Isyonje tukaacha lami, pale kwenye kikorongo nikaingiza fo wili nikapita upandeupande makusudi, tairi moja juu jingine chini, nikasimama katikati. Nikamwambia mama hebu fungua mlango. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akaufungua, akaufunga. Akasema, "Ndaga," yaani asante. "Sasa twende, mvua hiyo." Tulishuka na gunia 9 na sikupanga lumbesa hata moja.

Nimeshatembea kilomita zinazokaribia 6,000 tangu siku hiyo. Kwenye kilomita 500 za kwanza nilipita na spana nikakuta bolti mbili za kabini zimelegea robo mzunguko, mipira ilikuwa inakaa kitako, nikakaza, kwenye 2,000 nikarudia hakuna iliyosogea. Dirisha la kulia bado linashuka lenyewe kwenye barabara mbovu, nimeweka kabari ya mti. Hesabu za baba zipo palepale, na chini yake mdogo wangu ameandika 9, kwa kalamu ya risasi.

Chesesi ya zamani hatukuiuza. Nusu ya mbele ambayo haikuoza tuliipandisha Kikondo, tumeilaza juu ya mfereji unaotenganisha shamba letu na njia, tumepigilia mbao juu, na akina mama wanaotoka kuvuna wanavukia hapo na ndoo zao.